Tulipompeleka Mtani Bomani

Nchi yetu ilikuwa ndogo. Nikisema nchi sisemi hii ya siku hizi yenye ramani na bendera. Nasema bonde moja la Uluguru, kuanzia msituni juu hadi mtoni chini, ambalo ukoo wetu ulilishika kwa upande wa mama kama ilivyo desturi ya kwetu, na mkubwa wake wakati huo alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama. Ng'ambo ya mto ilianza nchi ya ukoo mwingine. Wao walikuwa na mashamba ya tambarare na njia ya kuteremkia Morogoro mjini. Sisi tulikuwa na miti.

Baba yangu alikuwa mtu wa ng'ambo. Alimwoa mama akahamia kwetu, akajenga kwa wakweze, kama walivyofanya wanaume wote wa zama zile bila kuona aibu. Mdogo wake, baba yangu mdogo, alibaki kwao. Lakini ndugu hao wawili walikuwa na msumeno mmoja, ule mrefu wa kuvutwa na watu wawili, na msumeno wa namna hiyo hauulizi mtu anakaa upande gani wa mto. Gogo linalazwa juu ya shimo, mmoja anasimama juu yake, mwingine anaingia shimoni, nao wanavutana kutwa nzima. Baba alisimama juu kwa kuwa ndiye mkubwa. Baba mdogo alikuwa shimoni, akila unga wa mbao na kuimba nyimbo ambazo mama alitukataza kuziimba nyumbani.

Mti wa kwetu, mikono ya ng'ambo, njia ya ng'ambo. Hivyo ndivyo mbao zilivyofika mjini, na hakuna aliyeona kuna jambo la kujadili.

Reli ndiyo iliyoharibu. Gari moshi lilipofika Morogoro kila mtu akataka mbao: wazungu kwa nyumba zao, wafanyabiashara kwa milango na rafu za maduka. Watu wa ng'ambo nao walikuwa na miti yao michache karibu na mto, miti laini, wakaanza kupasua. Wanunuzi wakazitazama mbao zao, wakatazama za kwetu za mkangazi, mti mgumu, wakachagua za kwetu. Mbao zao zikalala mjini zikinyeshewa. Basi mkubwa wa ng'ambo akatuma ujumbe: kila mzigo wa mbao kutoka kwetu utakaopita katika nchi yake utaacha ubao mmoja kwake. Alisema njia ni yake na mashamba yanayokanyagwa ni ya watu wake. Hakuwa mwongo. Lakini hakuwa amesema hivyo wakati mbao zake zilipokuwa hazijadoda.

Kwetu wazee walikaa kikao uani kwa mjomba. Sisi wanawake tulikuwa upande wa jikoni tukimenya mihogo, nami nilikuwa na mtoto wangu wa kwanza mgongoni. Wanaume wanapojadili heshima ya nchi, mihogo inamenywa mingi sana. Kuna aliyetaka tuukate mfereji wa maji uliokuwa ukishuka kwenda mashambani kwao. Kuna aliyetaka tuchimbe njia mpya kupitia mlima mwingine, na yeye mwenyewe alikuwa na magoti mabovu, hajapanda mlima wowote tangu nimjue. Wengine walisema tulipe tu, ubao mmoja si kitu, wakazomewa mpaka wakanyamaza.

Baba alisubiri hadi wote waseme, maana yeye ni mkwe na tena mtu wa upande wa pili. Kisha akasema, "Shemeji, hao ni watani wetu. Tumeni watani."

Lazima nieleze, kwa sababu vijana wa leo wakisikia utani wanadhani ni mzaha wa kupitisha muda. Ukoo wetu na ukoo wa ng'ambo walikuwa watani tangu mababu. Ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kuchimba kaburi. Wewe unalia, yeye anamtukana marehemu wako, anamwita mvivu na mlafi, anaigiza mwendo wake, na kabla hujamaliza kufuta machozi ameshanyakua kuku wako au jembe lako na kutoka nalo mbio. Huruhusiwi kukasirika. Baada ya matanga unamfuata, unalikomboa jembe lako kwa chakula, mnakula pamoja. Na penye ugomvi pia, mtani ndiye aliyetumwa. Alikwenda akaketi mlangoni kwa mkubwa mwenye makosa, akamtukana hadharani mpaka wake zake mwenyewe wakacheka, na mtu aliyekwisha kuchekwa na wakeze hawezi tena kushikilia neno lake kama jiwe. Ilichukua muda. Wakati mwingine mvua zilipita. Lakini ilifanya kazi.

Mjomba alimsikiliza baba kwa adabu, kisha akasema, "Utani ni wa misiba, shemeji. Hii ni biashara."

Nimelifikiri neno hilo miaka mingi. Mjomba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye akili ambaye alikwenda mjini mara kwa mara, na huko mjini alijifunza kwamba mambo yana vyumba vyao, hili humu na lile kule. Nikiulizwa mimi nchi ifanye nini jirani anapoizuilia mbao zake njiani, nitasema kwanza ihesabu imefungamana naye mara ngapi kabla haijafungua fundo hata moja. Lakini mimi nilikuwa namenya mihogo.

Akatoa amri. Hakuna ubao utakaovuka mto mpaka watu wa ng'ambo waondoe neno lao.

Amri ilitufurahisha kwa muda mfupi. Vijana walitembea vifua mbele. Halafu chumvi ikaanza kuadimika, kwa kuwa chumvi nayo ilipanda kwa njia ileile, na mboga zetu tukazila chukuchuku tukisema tumezoea. Mbao zilirundikana kando ya shimo, mvua ikazipiga, zikaanza kupinda. Msumeno ulitundikwa. Baba alishinda akiupaka mafuta ya nyonyo usishike kutu, na akimaliza aliupangusa na kuupaka tena. Baba mdogo alikuwa akija ukingoni mwa mto, upande wake, na kutupigia kelele, "Enyi wenye miti, leo mmekula ubao gani?" Tulicheka hadi maji tuliyochota yakamwagika. Hata wakati ule tulikuwa tunamngoja. Siku asipokuja, mtoni palipooza.

Kisha bibi yetu akafariki, mama yake mama na mjomba.

Watani walivuka mto asubuhi, wote, bila kuitwa mara mbili. Hakuna aliyetaja mbao. Walichimba kaburi, na baba mdogo alikuwa katikati yao akilia kwa sauti ya bibi, akiigiza alivyokuwa akishika kiuno na kutafuta ugoro wake uliokuwa mkononi mwake mwenyewe. Mama alikuwa amelia tangu alfajiri, na nilimwona akiziba mdomo kwa kanga ili asicheke. Msiba usio na mtani ni mzito mno, unakukaa kifuani ukiwa mkavu.

Tulipotoka kuzika, baba mdogo akapita penye rundo la mbao, akatwaa mbili, akajitwika kichwani na kushika njia ya mtoni. Wanawake tukamfukuza kama desturi ilivyotaka, tukimpiga kwa vitambaa, yeye anakimbia kwa madaha. Alipofika kwenye gogo la kuvukia akageuka. "Mmekataza mbao zisiuzwe," akasema. "Mimi sijanunua." Akavuka.

Mjomba alicheka. Nataka hilo lijulikane. Nilikuwa karibu naye na nilimwona akicheka, macho yake mekundu kwa kumlilia mama yake.

Mambo yalibadilika kesho yake. Huko ng'ambo baba mdogo alizisimamisha zile mbao mbele ya nyumba yake ili tukazikomboe, nao watu wa kwao wakapita wakizishangilia: mbao za watu wa juu zimejileta zenyewe, wala ushuru hatukudai. Maneno hayo yakapanda mlima haraka kuliko chumvi. Vijana wetu wakamwendea mjomba wakamwambia amri yake imevunjwa mchana kweupe na yeye alikuwa akicheka. Mtu mzima anaweza kuvumilia kuchekwa na mtani. Kuchekwa na vijana wa ukoo wake ni jambo jingine.

Matanga hayajaanuliwa, mjomba akaenda kwa akida. Akida alikuwa mtu wa pwani aliyewekwa na Wajerumani kutusimamia, na hakujua ukoo upi ni mtani wa upi, wala hakuwa na haja ya kujua. Mjomba alimwambia mbao zetu zimechukuliwa bila ruhusa na watu wa ng'ambo. Alichotaka ni mkubwa wa ng'ambo aitwe, atishwe kidogo, aondoe ushuru wake. Aliifikiri serikali kama fimbo ya kuazima: utamwonyesha jirani, atashtuka, utairudisha kwa mwenyewe. Akida akamuuliza mbao ziko kwa nani. Mjomba akajibu alivyoulizwa.

Askari walimkuta baba mdogo amekaa mlangoni pake, mbao zimesimama nyuma yake, naye anatungoja sisi na chakula cha kukombolea.

Baba alipata habari. Aliingia ndani akavaa kanzu yake ya Ijumaa, akatoka, akasimama mbele ya nyumba ya mjomba mpaka mjomba naye akatoka. Tuliteremka pamoja Morogoro: baba, mjomba, mama na mimi na mtoto. Njia nzima mjomba alikuwa akisema, "Nitawaeleza. Nitawaeleza tu." Baba alitembea mbele.

Bomani tuliketi chini pamoja na watu wengine wenye mashauri yao hadi tulipoitwa. Mzungu alikuwa mezani, akida kando yake ndiye aliyesema naye. Baba mdogo aliletwa akiwa amefungwa mikono. Alipotuona sote tumekuja, na mjomba tumekuja naye, uso wake ukafunguka, akadhani mzaha umefika mwisho wake. Akamwambia mjomba, "Mzee mchoyo wewe, umekuja kukomboa kwa mikono mitupu?"

Mjomba akasema mbele ya wote kwamba yeye ndiye aliyeleta mashtaka na sasa anayaondoa. Akasema huyu ni mtani wake. Alieleza vizuri, mjomba alikuwa msemaji: habari za misiba, za makaburi, za kuku na majembe. Akida akayafupisha kwa maneno machache. Mzungu akauliza, na akida akatugeuzia kwa Kiswahili: huyu mtu alipewa mbao hizi? Hakupewa. Aliomba? Hakuomba. Alizivusha mto? Alizivusha. Wewe ndiye uliyesema zimechukuliwa bila ruhusa? Ni mimi, akasema mjomba, lakini ruhusa haitolewi, bwana, angeomba ruhusa isingekuwa utani. Akida hakuligeuza hilo. Alimwambia mjomba kwa sauti ya chini, karibu kwa huruma, "Mzee, ukilileta neno hapa si lako tena."

Baba mdogo alipigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano vya kawaida vya siku zile, uani, na sisi tulikuwa nje ya ukuta. Kisha akafungwa mnyororo wa shingo pamoja na wengine, akapelekwa upande wa Kingolwira kukata kuni za gari moshi.

Mama na mimi tulikuwa tukimpelekea chakula. Mjomba naye alikwenda, tena zaidi yetu. Alikwenda kwa akida na mbuzi, akarudishwa yeye pamoja na mbuzi wake. Alikwenda kukaa njiani ambapo mzungu hupita na farasi. Alijitolea kulipa mbao, zake mwenyewe, kwa niaba ya mtu aliyezichukua, na hilo likawachekesha sana pale bomani. Nchi yetu yote ilimngoja mtu mmoja arudi. Hakuna aliyezungumzia tena ushuru. Hata wale vijana wa vifua mbele walikuwa wakituuliza, tukirudi kutoka Kingolwira, amesema nini.

Mwanzo alisema mengi. Alituambia kuni za serikali ni tamu kukata, zina chumvi. Halafu akaanza kuhara, na mnyororo haumngoji mtu anayehara. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa ameketi kivulini mwa rundo la magogo, wenzake wamemsogezea mnyororo ulegee kidogo shingoni. Nilimpa uji. Alinitazama akaniuliza kama baba anaupaka msumeno mafuta. Nikasema anaupaka kila siku. Akasema vizuri, na akamrudishia mama bakuli likiwa limejaa.

Walituruhusu kuuchukua mwili. Watu wa ng'ambo walimbeba kwa kitanda hadi kwao.

Sasa ilikuwa zamu yetu. Mtani akifa, watani wake ndio wanaochimba, na watani wake tulikuwa sisi. Wazee kadhaa wa kwetu walisema tusiende, tutaonekana tumekwenda kutukana kweli. Wakati wangali wanasema, mama alichukua jembe akaanza kuteremka mlima. Tukamfuata. Mjomba alivuka lile gogo la mtoni kwa kutambaa.

Alichimba mwenyewe. Vijana walitaka kumpokea jembe, akakataa. Kaburi lilipokuwa tayari na maiti imeletwa, ukafika wakati wa watani kusema. Wafiwa walikuwa wamekaa upande wao, baba yangu kati yao, mtu wa ng'ambo siku ile na si mkwe wetu. Walitungoja. Hawakutungoja kwa uadui. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Walitungoja kama watu wenye kiu.

Mjomba alisimama ukingoni akiwa na udongo hadi viwikoni. Mtani angesema marehemu ni mwizi. Angesema ni mvivu, amekimbia kazi ya serikali. Angeigiza mwendo wake. Kila tusi alilolijua lilikuwa limekwisha kuwa kweli, naye ndiye aliyelifanya kweli.

Baba akasema kutoka alipoketi, taratibu, "Shemeji, tunakungoja."

Mjomba akalia. Mtani halii kwenye msiba wa mtani wake, sijaona kabla wala baada. Alilia kwa sauti, amekaa juu ya ule udongo, na wafiwa wakamtazama na hakuna aliyejua la kufanya, maana machozi yalikuwa kazi yao wao na hakuna aliyebaki wa kuwachekesha. Mwishowe mkubwa wa ng'ambo akasema yatosha, mzikeni. Tukamzika kimya.

Haukupita muda mkubwa wa ng'ambo akaondoa ushuru wake. Hakuna aliyemwomba. Mbao zikapita bure, na ukitaka unaweza kusema nchi yetu ilishinda. Mwaka uliofuata wazungu walikuja na wapimaji wao, wakaweka alama kuuzunguka msitu, wakasema ni wa serikali na asiguse mtu. Wengine wa kwetu walilia kwa ajili ya msitu. Mimi nilikuwa nimemaliza.

Baba alirudi kwa mama baada ya arobaini. Aliishi kwetu hadi uzee wake, akamwita mjomba shemeji, akampokea mzigo njiani, akampisha kiti. Hakumtania tena hata mara moja. Msumeno aliuuza kwa watu wa mbali.

Mama alipofariki, mjomba alikuwa ameshatangulia na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa nyumba. Nilipeleka habari ng'ambo. Kabla hawajafika nilimfunga jogoo wa mama mguu mmoja, nikamweka karibu na njia. Nikaegemeza jembe jipya mlangoni, ambalo halijaona udongo. Nikaweka na kinu chake pale ambapo hata kipofu angejikwaa.

Walikuja wote, wamevaa vizuri. Walichimba kaburi, wakafanya kazi yao sawasawa. Wakaketi mkekani wakasema, "Poleni sana, dada, kazi ya Mungu." Kijana mmoja wao alimtazama yule jogoo, na mama yake akamgusa bega. Walikula tulichowapa, wakashukuru. Jioni wakaaga mmoja mmoja kwa kunipa mkono, wakashika njia ya mtoni. Nilisimama mlangoni nikiwaangalia mpaka wa mwisho akavuka, kisha nikamfungua jogoo.